Nyua Tupu za Saa Tano

Garsen,
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuamkia kwa adabu zote, shikamoo, na naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama, kwa sababu ya goti lako na kwa sababu nyingine utakazoziona mbele. Je, hilo goti laendeleaje? Dada Nuriya ameniambia kwamba mafuta ya nyonyo aliyokuletea yamekusaidia kidogo, ila hutaki kuyapaka mchana kwa kuona vibaya kunuka mbele ya wageni. Yapake, Mama. Wageni wa Kipini hawajui kukaa muda mrefu hivyo. Mjomba Mahmoud hajambo? Na mkewe Kadra, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima wa mwili. Nuriya na watoto wake ni wazima pia. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akitaka kucheka huziba mdomo kwa kiganja.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo, na kila Ijumaa twazungumza. Mama, nimejaribu mara tatu kukuambia haya kwa simu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza bei ya samaki. Ukaniuliza lini nimeanza biashara ya samaki. Kwenye karatasi siwezi kugeuza maneno katikati, na tena nataka maneno haya uwe nayo mkononi, kwa mwandiko wangu, umwonyeshe yeyote utakayetaka kumwonyesha. Lakini kwanza yasome peke yako. Vaa miwani, mwambie Kadra akuachie chumba.

Ninakuandikia nikiwa nyumbani kwako, chumba cha mbele, kwenye meza ya marehemu baba. Nimekuja jana kutoka Malindi. Saa ni tisa na dakika chache, na taa nimeshaiwasha. Unakumbuka chumba hiki kilivyokuwa? Jua la alasiri lilikuwa linapita dirishani mpaka ukutani, ukalilaani kila siku kwamba lakupaushia mapazia. Siku hizi saa nane na nusu kivuli cha ile barabara ya juu kimeshafika kizingitini. Saa tisa kimekula ua wote. Ule upande wa machweo, mlikokuwa mkisimama wanawake wa mtaa kutazama mwezi mwandamo wa Ramadhani, sasa kuna ukingo wa saruji tu, mrefu, wa rangi ya jivu, na mwaka huu Nuriya asema mwezi wamesikia redioni.

Nyumba yako yenyewe ni salama. Bati moja la jikoni limelegea, nitaligongomea kesho. Ua umefagiwa. Utauliza nani amefagia, na nitakujibu, ila niache nifuate njia yangu, maana nikikatiza nitapata pa kukimbilia.

Hatuwezi kusema barabara hii ililetwa na adui. Mafuriko yalipokata njia, na malori ya unga yakalala ng'ambo wiki tatu, sisi sote tuliomba barabara ya nguzo, hata wewe uliomba, na kwenye mkutano ulipiga vigelegele. Walipotangaza kwamba mabasi ya Malindi, ya Lamu na ya Hola yatapita juu ya mji bila kukanyaga maji, na kituo kitakuwa juu na ngazi zake, kila mtu alijiona amekuwa mtu wa mji mkubwa. Nami nilipoajiriwa na ile ofisi ya Malindi kwenye kazi hiyo hiyo, ulipika biriani na kuwaambia watu mwanao ni injinia.

Mimi si injinia, Mama. Niliacha uamini hivyo kwa sababu nilipenda ulivyolitamka. Kazi yangu ni kuchora picha za vitu ambavyo havijajengwa. Kabla barabara kama hii haijasimamishwa, ofisi hutakiwa kuonyesha itakavyoonekana na watu wa chini: mtu akifungua mlango wake ataona nini, jua litafichwa saa ngapi, nguzo itaziba njia gani. Hutakiwa pia kuonyesha watu wa juu watakachokiona wakitazama chini. Twachagua mahali pa kusimama, twapiga picha, kisha kwenye kompyuta naipachika barabara ndani ya picha kana kwamba imeshajengwa. Halafu kila mahali hupewa daraja, kwamba madhara ni makubwa, ni ya kadiri au ni madogo. Yakiwa makubwa, mjenzi hulazimika kufanya jambo, kama vile kuinua ukuta wa kuzuia macho pembeni mwa barabara. Yakiwa madogo, hajengi kitu.

Sasa ikumbuke ile siku niliyopanda mnara wa tangi la maji, pale nyuma ya soko. Ofisi ilikuwa na kijindege cha kamera lakini kibali chake hakijatoka, na mnara ule ulikuwa kimo kile kile cha barabara itakayojengwa. Mkubwa wangu, Bi. Janet, alitaka kumtuma mpiga picha mwingine. Nikasema nitapanda mimi, kwa kuwa ni mtaa wetu na najua adabu zake. Na kweli nilizijua. Mtu wa kwetu hapandi juu ya nyua za watu kimya kimya kama paka. Wakwezi wa minazi wa Kipini ndio waliotufundisha, nanyi mkaileta desturi hiyo huku mlipohamia, mpaka Wagiriama na Wapokomo wa mtaa wakaizoea: ukipanda paa, ukipanda mnazi, ukipanda kurekebisha antena, hupiga hodi kwanza. Nikasimama chini ya mnara nikaita kama ulivyonifundisha, kwa sauti ya Kipini, "Hodi, wa yuu!", yaani yuko mtu anayepanda juu. Nikaita mara tatu. Kisha nikasubiri kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha kahawa.

Nilisikia milango. Nilisikia ndoo zikiburutwa na akina mama wakiitana. Nilipofika juu, saa tano ya asubuhi, saa ambayo wanawake wote huwa uani wakipika, wakisuka, wakiosha, wakisomesha watoto na wakisengenyana, nyua zote kumi na nne zilikuwa tupu. Hata kanga mlizianua kwenye kamba. Sufuria mlizifudikiza. Nikapiga picha zangu, nikashuka, na jioni ukaniambia kwa fahari kwamba mtaa mzima unamsifu mwana wa Binti, kama wanavyokuita, kwamba Malindi haijamharibu.

Miezi mingi baadaye, nguzo zikiwa zimeshafika soko, Nuriya aliisoma ile karatasi kwenye ubao wa matangazo. Ilikuwa imeandikwa kwamba nyua za mtaa wetu hazitumiki, na kwa hiyo madhara ya kuonekana kutoka juu ni madogo. Chini yake palikuwa na sahihi ya mwakilishi wa wanawake wa mtaa, naye ni Zipporah, jirani yako wa ua kwa ua.

Sikuwapo siku hiyo, lakini mambo yake nimeyasikia kwa watu watatu, na wote walinisimulia wakiwa wameinamisha vichwa. Kwamba ulipita kwenye ule uwazi wa ua, uliokuwa kati yako na Zipporah tangu sijazaliwa, ukamkuta anaanika mpunga, ukamuuliza kama sahihi ile ni yake. Akasema ni yake. Ukamuuliza aliwezaje kuandika kwamba ua ambao amekula ndani yake miaka thelathini hautumiki. Akanyamaza. Ukamuuliza mara ya pili, akanyamaza, akaendelea kuupekua mpunga kwa mguu. Ndipo ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Ukasema kuanzia leo hamzikani, akifa hutakwenda, na ukifa asije. Siku ile ile ukaweka bati kwenye uwazi.

Mama, mwanamke yule ndiye aliyekupakia mtumbwini ukiwa na uchungu wa kunizaa mimi, mwaka wa mafuriko makubwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenihadithia.

Ile siku ya basi sitaieleza kwa urefu, wewe ndiwe uliyekuwa ndani yake. Nuriya aliniambia yaliyotosha. Kwamba ulikuwa bafuni kwako, lile la makuti lisilo na paa, unajimwagia maji. Kwamba basi lilisimama juu kungoja nafasi kituoni. Kwamba ulipofuta povu usoni uliona nyuso kwenye madirisha yote, na simu zimeinuliwa. Kwamba ulichuchumaa nyuma ya pipa mpaka likaondoka, na kabla hujaifikia kanga likasimama jingine. Wiki iliyofuata ukafunga mizigo ukaenda kwa mjomba, na neno uliloacha nyumbani ni kwamba huwezi kuishi ndani ya mato ya watu, macho yasiyofumba.

Nilikupigia simu siku hiyo hiyo ya basi. Hukuwa ukilia. Ulisema tu kwamba Mungu atamlipa aliyesema nyua zetu hazitumiki, amwaibishe hapa duniani kabla ya kesho akhera. Nikaitikia amina. Unakumbuka? Ulisema na mimi nikaitikia amina.

Tangu barabara ifunguliwe sikuwa nimepita juu yake hata mara moja. Wewe hukujua. Kila nikija Garsen nilikuwa nashuka kabla ya mwinuko, nasingizia kununua maembe, kisha naingia mjini kwa miguu kwa njia ya chini. Wiki tatu zilizopita ofisi ilinituma Hola, na basi nililopanda halikusimama popote mpaka kituo cha juu. Basi likapanda. Kazi nimeifanya miaka sita, Mama, picha ile niliichora mwenyewe, najua kimo chake mpaka sentimita, na bado nilipoiona kwa macho sikuitambua. Kwenye picha zangu nyua ni vimraba. Kutoka dirishani niliona kijiko kikiwa ndani ya sufuria. Niliona nguo za ndani za mtu, na mtu akijaribu kuzifunika kwa shuka. Niliona watoto wakitupungia mkono, na mama yao akiwavuta ndani.

Basi likasimama pale pale linapofanya foleni. Jirani yangu kitini, bwana mmoja mwenye heshima zake, amevaa kofia safi, akanigusa bega akaniambia nitazame chini, hapa ndipo pa sinema ya bure. Nikatazama. Ulikuwa ua wako. Na uani mwako alikuwamo Zipporah, amepanda juu ya kigoda, na umri wake ule, anafunga makuti mapya juu ya bafu lako. Alikuwa analiwekea paa. Basi zima linamtazama, na yeye hakuinua uso hata kidogo. Alikuwa na kamba mdomoni.

Niliteremka ngazi zile bila kujua nimeshuka vipi. Hola sikwenda siku hiyo. Nilimkuta ameshashuka kwenye kigoda, ameinama kwenye kivuli cha nguzo anafagia kwa fagio fupi, na alipaaza sauti kunisalimia kana kwamba nilikuja jana na juzi. Ndiye anayefagia, Mama. Hufagia kila Jumamosi tangu uondoke, ili watu wasiseme nyumba imeachwa. Bati uliloliweka hajaliondoa, huzungukia barabarani. Aliniingiza kwake akanipikia chai kwenye ile sufuria yenye utepe mwekundu, ambayo haijapata kupikiwa kitu kingine isipokuwa chakula chetu cha halali tangu nikiwa mtoto, na alinionyesha kwanza kwamba utepe bado upo, ndipo akabandika maji. Mpunga wake alikuwa ameuanika ndani, juu ya kitanda. Nje jua halikai. Unachukua siku nne na unaota ukungu.

Mama, nimefika pale nilipokuwa nikipaogopa.

Ule mkutano wa ofisi ulifanyika hapa Garsen, ukumbini, miezi miwili baada ya mimi kupanda mnara. Walikuwapo watu wa ofisi wapatao kumi, Bi. Janet mbele, na wawakilishi wa mtaa watatu nyuma, akiwamo Zipporah na kitambaa chake cha kanisani. Picha zangu zilimulikwa ukutani, kubwa, mtu hawezi kuzikwepa. Ikaja picha ya ua wako. Katikati yake lilionekana bafu lako, makuti yamepinda, gunia ndilo mlango, na jiwe lako la kusugulia miguu. Mmoja wa wale mabwana akauliza kwa Kiingereza lile ni zizi la mbuzi au ni nini. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Bi. Janet hakucheka. Aliuliza kwa upole, kwa Kiingereza vile vile, kama nyua hizi zinatumiwa na watu, kwa maana kwenye picha hamna mtu hata mmoja, na kama zinatumika lazima tuandike madhara makubwa na ukuta ujengwe. Alinitazama mimi kwa sababu mimi ndimi mtoto wa mtaa. Ilikuwa kazi ya neno moja. Ningesema tu kwamba zimekuwa tupu kwa sababu nilipiga hodi. Kwamba wanawake waliingia ndani kwa heshima, na kwamba heshima ile ndiyo inayoonyesha jinsi nyua zile zinavyotumika. Ningesema pale katikati mamangu ndipo anapooga.

Nikaona haya. Ndiyo hilo tu, Mama, sina jingine la kulipamba. Niliona haya wale watu wajue kwamba mtu waliyekaa naye meza moja, mwenye shati la kupigwa pasi, ametoka nyumba ambayo mama yake anaoga ndani ya makuti bila paa, nyuma ya gunia. Nikasema nyua zile hazitumiki. Nikasema zamani watu walikaa huko, siku hizi wanakaa ndani. Bi. Janet akauliza tena, na kile kibanda? Nikasema ni cha kuku.

Nilimwambia kwamba bafu lako ni banda la kuku.

Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyeninunua kwa hata shilingi, na natamani ningekuwa nimenunuliwa, ningekuwa na mtu wa kugawana naye. Waliandika nilivyosema. Kisha karatasi ikapelekwa nyuma kwa wawakilishi watie sahihi, na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza niliambiwa niwafasirie. Nilimwendea Zipporah nikamwambia ni karatasi ya mahudhurio ya mkutano. Kalamu nilimpa mimi, mkononi. Akaniangalia kwa muda, akatia sahihi.

Miaka hii yote nilijiambia hakuelewa. Hilo ndilo lililonifanya nilale. Nilijiambia ni mama wa shamba, ametia sahihi asichokijua, hawezi kunitaja kwa kuwa hana la kunitajia. Siku ile ya chai nilipiga magoti kwenye sakafu yake nikaanza kueleza, na sikufika mbali. Akanikatiza. Alisema, "Wewe kijana, unafikiri Kizungu ni ya watu wa ofisi peke yao? Mimi nilisoma kwa wamisheni Golbanti mpaka darasa la saba. Nilisikia ile ya hazitumiki. Ile ya kuku pia nilisikia."

Nikamuuliza kwa nini basi alitia sahihi. Akasema, mtoto wa Binti hawezi kuuza nyumba ya mama yake, kwa hiyo alidhani lazima nina maana yangu, labda ni ujanja wa watu waliosoma, na akaniamini. Akasema hilo ni kosa lake na amelibeba. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia siku ile ulipomjia na mpunga miguuni. Alikifunika kikombe chake kwa kisahani. Kisha akasema, "Binti akinikosa mimi, atalia, halafu ataishi. Akikukosa wewe, ataishi na nini?"

Mama, mwanamke huyo alinyamaza ukimtukana ili wewe ubaki na mwana. Alikubali asizikwe na wewe. Nami nilikuwa Malindi, nakupigia kila Ijumaa, na unaniombea dua mwisho wa kila simu, na nazipokea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha uchi wangu kwa kuuanika wako, wewe na wanawake wa nyumba kumi na nne. Sijui neno la kuliita jambo hilo. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikilitafuta.

Sasa sikiliza yaliyobaki. Wanawake wa mtaa wameandika malalamiko wajengewe ukuta wa kuzuia macho, na ofisi imewajibu kwamba kwa mujibu wa ripoti nyua zao hazitumiki. Jumatano hii kuna kikao cha kuwasikiliza, hapa Garsen. Nimeshamwandikia Bi. Janet yote niliyokuandikia wewe, ila kwa ufupi na kwa Kiingereza. Hajajibu. Jumatano nitasimama mbele ya watu wa ofisi na mbele ya mtaa, niseme kwamba ripoti ile ni uongo na mwongo ni mimi, na kwamba sahihi ya Zipporah niliipata kwa hila. Kazi nadhani itaondoka. Ukuta siwezi kukuahidi. Huenda wakasema fedha zimekwisha, huenda wakajenga. Lakini jina lake litatoka kwenye aibu hii na langu litaingia, mahali pake. Najua Alhamisi itakuwaje sokoni, na najua wewe utaulizwa mpaka huko Kipini kama kweli mwanao ndiye aliyesema hivyo. Nisamehe kwa hilo pia. Nimelifikiria, sikuona njia ya kukuepusha nalo.

Sikuombi msamaha leo. Ukitaka kuninyima radhi ni haki yako, na simu ya Ijumaa usipoipokea nitaelewa, nitapiga Ijumaa nyingine. Ninachokuomba ni kimoja. Ile kauli ya kutozikana, ifute. Uliitoa kwa mtu asiyestahili, na mwenye kustahili nimeshakupa jina lake. Zipporah ana miaka sitini na nane, na mwisho wa mwezi watoto wake wanamhamishia Kinakomba kwa sababu ya ule mpunga usiokauka. Akishafika huko, na goti lako hilo, sijui mtaonana vipi tena.

Nisalimie sana Mjomba Mahmoud, na usimfiche yaliyomo humu, maana atayasikia. Msalimie Kadra, umwambie asali aliyoiagiza nimeipata na itafika. Nuriya anakusalimu, hajui bado; nitamwambia leo jioni akitoka kazini. Majirani wote wanakusalimu na wanauliza utarudi lini.

Barua hii nilitaka kumpa dereva wa Kipini. Zipporah akakataa, akasema barua ya namna hii haiachwi mikononi mwa dereva, akaichukua mwenyewe. Ndiye atakayekuwa amemkabidhi Kadra mlangoni. Nilimsihi akupe tu kisha arudi zake, naye amesema atakaa barazani mpaka umalize kusoma, na ukisema aondoke ataondoka. Ukifika mstari huu, yuko hapo nje, Mama. Ametoka Garsen na basi la kwanza, na hajatia kitu kinywani.

Ni mimi mwanao, nisiye na uso wa kukutazama,

Tahir Athman.